Je, Wajua? Doyeni, Masanduku ya Maabara na Ulimi wa Mashine

Je, wajua kwamba mgeni anayeulizia Chuo Kikuu cha Lubumbashi huelekezwa kampasi ya Kasapa, lakini akiwataka walimu wa dawa hana budi kugeuza njia? Anwani inayosomeka chini ya majina ya walimu wa Kitivo cha Sayansi za Dawa, kwenye makala wanazochapisha, ni Avenue Kato namba 27, Kampemba. Kampemba ni moja kati ya komini saba za Lubumbashi, ile yenye Bel-Air, Bongonga, mtaa wa viwanda na mtaa uitwao Kigoma. Mtanzania akisikia kuna Kigoma ndani ya Lubumbashi hutabasamu. Mkenya asubiri zamu yake, maana komini nyingine ya mji huohuo inaitwa Kenya, na tutapita huko kutafuta dawa za malaria.

Katika vyuo vikuu vya Kongo hakuna njia ya mkato ya kufika uprofesa. Kijana aliyefaulu vizuri huanza kama asistanti: husahihisha marundo ya mitihani, husimamia mazoezi ya maabara, huhangaika kutafuta vitendanishi vilivyokwisha. Akipanda huwa chef de travaux, cheo ambacho Wakongo hawajisumbui kukitafsiri. Hapo ndipo penye ukuta, kwa sababu asiye na shahada ya uzamivu haendi mbele. Akiipata ataitwa profesa mshiriki, baadaye profesa, baadaye profesa ordinaire, na akistaafu kwa heshima, émérite. Mkuu wa kitivo, ambaye wanafunzi humwita doyeni, hutoka katika ngazi hizo za juu. Kwa hiyo ukimwona doyeni wa dawa akipita na mkoba wake, ujue nyuma yake ipo miaka mingi ya kuwa mdogo wa mtu fulani.

Linganisha na Tu Youyou wa China. Alihitimu masomo ya dawa Beijing mwaka 1955, hakuwahi kupata uzamivu, wala hakusomea nje ya nchi yake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuitoa artemisinini, dawa inayotegemewa leo dhidi ya malaria, kutoka kwenye mmea uliotajwa katika vitabu vya kale vya tiba vya Kichina. Kwa kanuni za Kongo angestaafu akiwa chef de travaux.

Elimu ya juu ya Kongo ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza, kilianza 1954 pale Kinshasa chini ya ulezi wa Leuven ya Ubelgiji. Kile cha Lubumbashi, mji ukiitwa bado Élisabethville, kilifungua milango 1956. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja mwenye shahada ya chuo kikuu. Waliokuwepo ni wasaidizi wa tiba, watu waliofanya kazi nyingi za daktari kwa mshahara usio wa daktari. Mwaka 1971 utawala wa Rais Mobutu ukaviunganisha vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, UNAZA, na vitivo vikagawanywa upya: fasihi ikapelekwa Lubumbashi, dawa ikakaa Kinshasa. UNAZA ilivunjwa 1981. Ndiyo maana kitivo cha Kampemba kina umri mdogo mbele ya ndugu yake wa Kinshasa.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo mimi huliona la ajabu kuliko yote haya. Ungetegemea Mkongo aende Ubelgiji kusoma dawa. Historia imemsukuma huko. Lakini Mkenya na Mtanzania, waliotawaliwa na Mwingereza na kusoma kwa Kiingereza, je? Shule za dawa za Nairobi na Muhimbili zote mbili zilianza mwaka 1974, na viongozi wake wakubwa kadhaa walipatia uzamivu wao Leuven, mji wa Waflemi.

Isaac Kibwage wa Kenya ni mmoja wao. Alifanya utafiti katika maabara ya Profesa Jos Hoogmartens huko Leuven, akarudi Nairobi, akawa mkuu wa Kitivo cha Famasia, kisha mkuu wa Koleji ya Sayansi za Afya, na baadaye Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Egerton. Eliangiringa Kaale wa Muhimbili alipitia maabara hiyohiyo ya Hoogmartens baada yake, akichambua dawa ya kuua bakteria iitwayo kanamaisini. Appolinary Kamuhabwa, mfamasia aliyefika kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, naye ni wa Leuven, ila kwa mlango mwingine: yeye aliishughulikia haiperisini, rangi inayotoka kwenye mmea. Rangi hiyo hujikusanya ndani ya seli za saratani ya kibofu, na ukiimulika kwa taa huziua. Kibofu kinafaa kwa tiba ya namna hiyo kwa sababu taa yaweza kupenyezwa hadi ndani yake. Katika kipindi hichohicho, pamoja na wenzake, alikuwa akipima makali ya dawa za miti shamba za Tanzania dhidi ya seli za saratani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000.

Kibwage alikuwa akitafuta nini kule? Erithromaisini. Ukisoma lebo utadhani ni dawa moja. Kumbe bakteria anayeizalisha kwenye mapipa ya kiwanda hatoi kitu kimoja: hutoa A, na pamoja nayo B, C na D kwa viwango tofauti. Mwaka 1985 Kibwage na wenzake wa Leuven walichapisha kipimo cha nguvu ya kila moja dhidi ya vijidudu, na A ikawapita ndugu zake. Faida ya kujua hayo haiko Ulaya peke yake. Kiwanda kisichosafisha vizuri chaweza kukuuzia chupa yenye uzito kamili na nguvu pungufu, na hakuna duka la dawa litakalotambua kwa macho. Alirudi kwenye mji wenye kitengo cha kuchambua na kutafiti dawa, DARU, ndani ya chuo kikuu chenyewe. Ripoti za DARU za tangu 1983, zilizochapishwa katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki, zinaorodhesha dawa zilizopimwa na zile zilizoanguka. Sijui ni wangapi huko kwetu wanaojua kwamba walimu wa chuo walikuwa wakifanya kazi hiyo wakati mamlaka nyingi za dawa za eneo hili zilikuwa hazijazaliwa.

Je, wajua kwamba maabara ya kupimia dawa yaweza kuingia kwenye masanduku mawili ya safari? Mfuko wa Kijerumani uitwao Global Pharma Health Fund uliyatengeneza, yakapewa jina la Minilab, na Tanzania ikayapeleka kwenye vituo vya kuingizia bidhaa nchini. Ndani mna vikombe vya kupimia, vimiminika, taa ndogo na vibamba vilivyopakwa unga mweupe wa silika. Mkaguzi husaga kidonge, hukiyeyusha, hudondosha tone moja upande wa chini wa kibamba, na kando yake tone la dawa halisi inayojulikana. Kisha husimamisha kibamba ndani ya kimiminika kidogo. Kimiminika hupanda taratibu na kuyabeba madoa. Ukimulika, doa la kidonge linapaswa kuwa limefika urefu uleule wa doa halisi na kuwa na ukubwa uleule. Likikosekana, kidonge ni chokaa. Likiwa hafifu, dawa imepunjwa. Likisimama mahali pengine, ndani mna kitu ambacho lebo haikukitaja, na hapo ndipo mkaguzi hupaswa kuogopa.

Masanduku hayo hayasemi kila kitu. Dawa iliyopungua kidogo tu, au ile isiyoyeyuka tumboni, yaweza kupita. Kaale na Mtanzania mwenzake Peter Risha waliandika kwa mapana juu ya uwezo na mipaka ya vipimo vya namna hii kwa nchi zisizo na fedha za mashine kubwa. Risha naye uzamivu wake ni wa Ubelgiji, ila wa Ghent, ambako alionyesha kwamba baadhi ya vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la dunia hubadilika vikikaa kwenye joto na unyevu kama wa kwetu. Kidonge kilichofaulu mtihani Ulaya hakijafaulu bado Tanga.

Jambo hilo la kuogopwa, dawa isiyotajwa na lebo, lilitokea Ituri. Kuanzia mwishoni mwa 2014, hospitali za kaskazini mashariki mwa Kongo zilianza kupokea watu ambao shingo zimejipinda, macho yametazama juu, ulimi umetoka nje, na wengi walikuwa watoto. Wengine walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Zaidi ya wagonjwa 1,000 waliandikishwa, 11 wakafa. Madaktari walipoamua kupima vidonge vyenyewe walikuta kwamba chupa zilizoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, zilikuwa na haloperidoli, dawa nzito ya magonjwa ya akili ambayo ikizidi huikaza misuli ya uso na shingo kwa namna ileile. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2015. Ukiwauliza wanafunzi wa dawa kwa nini wanalazimishwa kurudia zoezi la madoa kwenye kibamba mara nyingi hadi wachoke, Ituri ni jibu tosha.

Mwalimu wa dawa akitoka darasani kwenda sokoni, hatari humfuata. Dora Akunyili wa Nigeria alihitimu famasia Nsukka 1978, akapata uzamivu 1985, akawa mhadhiri wa somo la utendaji wa dawa mwilini. Mwaka 1988 mdogo wake, Vivian, mwenye kisukari, alifariki baada ya kutumia insulini bandia. Mwaka 2001 Akunyili akapewa kuongoza NAFDAC, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi yake, akawasha moto wa kweli wa shehena za dawa bandia, na Desemba 2003 akafyatuliwa risasi barabarani. Risasi ilipita kwenye kilemba chake. Aliendelea na kazi hadi 2008, akawa waziri, akafariki 2014. Katika wote niliowataja humu yeye ndiye ninayemwona mwalimu hasa, ingawa jina lake huwekwa zaidi kwenye orodha ya mawaziri.

Turudi nyuma kidogo, kwenye kizazi ambacho walimu walipima dawa kwa kuila. Mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa somo la dawa Edinburgh, alitafuna kipande cha maharage ya Calabar, mbegu ambayo watu wa pwani ya Nigeria waliitumia kama kiapo: mshitakiwa akiila na kuitapika, hana hatia, akifa, alikuwa mchawi. Christison alipohisi mwili unamlegea alikunywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu, yenye sabuni, akatapika, akaandika makala. Mwanafunzi wake Thomas Fraser aliifanya mbegu hiyohiyo kuwa mada ya tasnifu yake ya 1862. Baadaye alirithi kiti cha mwalimu wake, akawa doyeni wa udaktari Edinburgh kwa miaka ishirini.

Sumu ya pili ya Kiafrika iliyomjengea Fraser jina ilimfikia kwa njia ya mswaki. John Kirk, ambaye watu wa Zanzibar wanamkumbuka kama balozi wa Uingereza aliyemshinikiza Sultan Barghash afunge soko la watumwa mwaka 1873, alikuwa hapo awali mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi. Mfukoni mwake mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu ya mishale. Siku moja akipiga mswaki alionja uchungu, na akagundua mapigo ya moyo wake yamepungua. Mmea uliotoa sumu hiyo, strofanthasi, ulipelekwa Edinburgh, na Fraser akautoa humo mchanganyiko uliotumika kwa miaka mingi kuwatibu wenye moyo dhaifu. Wawindaji waliokuwa wakiipaka kwenye mishale hawakuandikwa kwenye makala yoyote kwa majina yao.

Kampemba ya leo imeacha kuonja. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Lubumbashi, kina Bakari Amuri na Kahumba Byanga wakiwa na Pierre Duez wa Chuo Kikuu cha Mons nchini Ubelgiji, lilichapisha majaribio ya mimea tisa inayotumiwa na waganga wa Lubumbashi dhidi ya kisukari. Walioonja, mahali pa profesa, walikuwa simbilisi. Kati ya ile tisa, msomaji wa pwani atatambua mwingajini, ule mmea unaoota ovyo kando ya njia. Mtonga, ambao matunda yake magumu watoto huyapasua kwa mawe. Na mtobo, ambao tunda lake hutafunwa kama ubani wa kutafuna.

Watafiti wa mji huo waliwahi pia kufuatilia mimea 13 inayosifiwa kutibu malaria katika komini ya Kenya, na mingine wakaihesabu ndani ya uzio wa kampasi ya Kasapa, ambako mwanafunzi anaikanyaga kila siku akiwahi mhadhara. Kazi ya namna hii huanza kwa mazungumzo: unakwenda kwa munganga, unasalimia, unasikiliza, unaomba kuonyeshwa mti kwa macho yako, kwa sababu miti mitatu yaweza kuitwa jina moja na mti mmoja ukawa na majina matano. Kisha unachukua tawi lenye ua au tunda ili wataalamu wa mimea walitambue. Kosa la hapo mwanzo haliokolewi na mashine yoyote mwishoni. Wapo wanaodharau kazi hii wakisema ni kupoteza muda wa maabara kwa ajili ya ushirikina. Nadhani wanakosea: asiyepima mti wa mganga hana haki ya kuukataa, kama ambavyo hana haki ya kuusifu.

Jambo dogo la pembeni, kwa kuwa tuko Lubumbashi, eneo la Katanga. Vitamini B12 ina atomu moja ya kobalti katikati ya kila molekuli. Ilitengwa 1948, na umbo lake likafumbuliwa na Dorothy Hodgkin, aliyepata Nobel ya kemia 1964. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani leo hutoka kwenye udongo huu wa Kongo, ikienda kwenye betri. Mwili wa mtu mzima una miligramu chache tu za hiyo vitamini.

La mwisho ni la uchungu, kwa maana ya ladha. Bukavu, upande wa Kivu, kuna kiwanda cha Pharmakina kinachotoa kwinini kutoka kwenye magome ya mkwinini, na mzazi yeyote aliyewahi kumpa mtoto kwinini anajua vita vinavyofuata. Tatizo si ukali pekee. Kidonge cha mtu mzima hukatwa kwa kisu ili kipate kipimo cha mtoto, na vipande havilingani. Mmoja hupata kingi, mwingine kichache. Pierre Claver Kayumba wa Rwanda, akiwa mwanafunzi wa uzamivu huko Ghent, alitengeneza punje ndogo za kwinini ambazo unaweza kuzipima kulingana na uzito wa mtoto, na akazivika utando. Ili kujua kama uchungu umefichika hakumpa mtu yeyote aonje. Alitumia chombo kiitwacho ulimi wa kielektroniki, chenye vihisio vinavyosoma ladha ndani ya maji, na matokeo yakachapishwa 2007. Siri iko kwenye asidi: utando ule hauyeyuki katika mate, ila ukifika kwenye asidi ya tumbo huachia dawa. Kuhusu wale watoto wanaotema kila kitu, hata kisicho na ladha, mashine haikuulizwa.